Mto Peke Yake Hauwashi Taa



Kuna sentensi ambayo kila mwanafunzi wa Kongo huisikia tangu shule ya msingi: nchi yetu ina mito mikubwa kiasi kwamba inaweza kuangaza Afrika nzima. Sentensi hiyo si uongo. Wataalamu hukadiria nguvu ya maji yetu kuwa yapata megawati 100,000, na maporomoko ya Inga peke yake, katika jimbo la Kongo-Kati, hukadiriwa kuweza kutoa kiasi cha 40,000. Hata hivyo, mitambo yote iliyokwisha kujengwa nchini haifikii sehemu 1 kati ya 20 ya uwezo huo, na takriban Mkongomani 1 tu kati ya 5 ndiye anayepata umeme nyumbani. Vijijini hali ni mbaya zaidi.

Sentensi ya kweli inaweza kuwalaza watu usingizi, na hii imetulaza. Kwa kuwa mto upo, tunadhani taa itakuja. Kilichobaki ni kungoja. Sisi tunasema kinyume. Umeme hauendi palipo na maji. Unakwenda palipo na ahadi zinazotimizwa. Kuna ahadi ya kulipa, ahadi ya kupima kwa haki, ahadi ya kutoubadili mkataba kila kiongozi anapobadilika, na juu ya zote lazima awepo mwamuzi mwenye nguvu ya kumkemea yeyote anayezivunja. Taifa lisilojenga ahadi hizo litajenga mabwawa na kubaki gizani. Tutaonyesha hayo kwa historia yetu wenyewe, kisha tutawajibu wale wanaofikiri vingine.

Waya uliopita juu ya vichwa

Tuanze hapa kwetu Katanga. Kituo cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930 na kile cha Koni mwaka 1950, vyote viwili kwenye mto Lufira. Nzilo ilifuata mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, kwenye mto Lualaba. Vituo hivyo 4 vilijengwa ili kuendesha migodi na viwanda vya Union Minière. Kijana wa Likasi au Kolwezi leo amezungukwa na mabwawa yenye umri mkubwa kuliko wa baba yake, na pengine kuliko wa babu yake. Lakini katika mitaa mingi ya miji yetu umeme hufika kwa zamu, na katika mingine haujafika kabisa. Mama bado anapika kwa makala, na misitu ya miombo inazidi kurudi nyuma, mbali na barabara. Je, hapa tumekosa mto? Hapana. Tangu siku ya kwanza waya ulikuwa na mteja wake, na mteja huyo hakuwa sisi.

Baada ya uhuru, tulitazamia mambo mengine. Mwaka 1970 Serikali iliunda Shirika la Taifa la Umeme, yaani SNEL. Mwaka 1972 ikazinduliwa Inga ya kwanza, yenye megawati 351, na mwaka 1982 Inga ya pili, yenye megawati 1,424. Pamoja nazo ukaja waya mkubwa wa Inga-Shaba, wa takriban kilomita 1,700, kutoka Kongo-Kati hadi Kolwezi. Ulikatiza katikati ya nchi, juu ya mashamba na vijiji visivyohesabika. Ulijengwa kwa mfumo wa umeme unaosafiri mbali sana bila kupotea sana, lakini ambao hauwezi kuchotwa njiani bila kituo maalumu chenye gharama kubwa. Hivyo wanakijiji wakaona minara ya chuma ikipandwa mashambani mwao, wakasikia waya ukinguruma juu ya vichwa vyao, na usiku wakawasha koroboi. Baadaye baadhi yao walianza kung'oa vyuma vya minara hiyo ili watengeneze vitu vya nyumbani. Wizi ni wizi, hatuutetei. Lakini nani atashangaa kwamba mtu halindi kitu kisichomfaa kwa lolote?

Waya huo uliliongezea taifa deni zito, na kwa miaka mingi mashine za Inga zilizeeka bila matengenezo ya kutosha, moja ikisimama baada ya nyingine. Maji ya Mto Kongo yaliendelea kupita mchana na usiku, bila kupungua. Kilichopungua ni fedha za kununulia vipuri, na fedha zilipungua kwa sababu ahadi hazikutimizwa.

Kwa nini waya hufuata mgodi

Hapa inafaa tueleze jambo ambalo halifundishwi mara nyingi, nalo ni namna bwawa linavyolipwa.

Anayejenga kituo cha kuchoma mafuta hulipa kidogo mwanzoni, kisha hulipa mafuta kila siku. Anayejenga bwawa hulipa karibu kila kitu kabla taa ya kwanza haijawaka: zege, chuma, mashine, barabara, nyaya. Maji yenyewe ni bure. Basi huyo anakopa fedha nyingi leo na kuzirudisha polepole kwa miaka 20 au 30. Kwa hiyo aliyemkopesha haulizi mto una maji kiasi gani; hilo mhandisi amekwisha kulipima. Anauliza maswali 4: Nani atanunua umeme huu? Atanunua kwa bei gani, na nani anaweza kuibadili bei hiyo? Je, atalipa kweli? Na tukigombana, nani atatuamua?

Sasa tujibu maswali hayo kwa uaminifu, kwa mfano wa darasani usio hesabu ya kampuni yoyote. Tuseme mashine imezalisha vipimo 100 vya umeme. Baadhi vinapotelea njiani katika nyaya zilizochakaa. Baadhi vinaibwa na nyumba zilizojiunganisha kwa siri. Baadhi vinafika katika nyumba zisizo na mita, ambazo hutozwa kiasi kilekile kila mwezi, umeme uwepo usiwepo, kwa hiyo mwenye nyumba anachukia kulipa na wala hana sababu ya kuzima taa mchana. Baadhi vinafika katika ofisi za Serikali, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa wadaiwa wakubwa wa SNEL. Mwisho wa mwezi, kampuni imezalisha 100 na imelipwa pengine 40. Kwa fedha hizo italipa kwanza wafanyakazi, kisha itafunga nyaya kwa vipande vya nyaya nyingine. Haitaweza kununua transfoma mpya. Mwaka unaofuata umeme unakuwa mbaya zaidi, wateja wanakataa kulipa zaidi, na gurudumu linazidi kuzunguka kuelekea chini.

Mkopeshaji akiliona gurudumu hilo, anageuza macho. Na akitazama kando, anauona mgodi. Mgodi hulipa kwa dola, una mita, una mkataba na una wanasheria. Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwadingusha ilikarabatiwa kwa fedha za kampuni ya Kamoa Copper, na vilevile mashine namba 5 ya Inga ya pili, yenye megawati 178. Kampuni ilitoa fedha kwanza, kisha inarudishiwa kidogo kidogo kupitia bili yake ya umeme. Bwawa la Busanga, megawati 240, lilijengwa kwanza kabisa kwa ajili ya shaba ya Sicomines. Mwaka 2018 lilizinduliwa Zongo ya pili, megawati 150, kwa ajili ya Kinshasa, na hilo ni jambo jema. Lakini Katende katika Kasai, megawati 64, ambazo zingeangaza Kananga na Mbuji-Mayi, zimekwama kwa miaka mingi, fedha zikikatika na vita vikiingilia kati. Kasai haikukosa mto Lulua. Ilikosa mteja anayeaminika na Serikali inayotimiza ahadi.

Hatusemi kwamba migodi inatenda vibaya kwa kutafuta umeme. Bila fedha zao, baadhi ya mashine zingekuwa zimelala hadi leo. Tunasema kwamba anayetia fedha zake huanza kujimulikia mwenyewe, na kwamba ni kazi ya sheria kuhakikisha mwanga haukomei kwake.

Jibu kwa wanaongoja Inga

Wapo wanaotuambia: subirini, Inga Kubwa inakuja, nayo itamaliza yote. Tumeisikia ahadi hiyo tangu ujana wetu. Mwaka 2013 nchi yetu na Afrika Kusini zilitia sahihi mkataba ambao Afrika Kusini ingenunua megawati 2,500 za Inga ya tatu. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitoa msaada wa dola milioni 73 kwa matayarisho, na mwaka 2016 ikausimamisha, kwa sababu Serikali yetu iliuelekeza mradi njia nyingine iliyo tofauti na ile waliyopatana. Mwaka 2018 makundi ya Wachina na Wahispania yalitia sahihi kwa ajili ya mradi mkubwa zaidi, wa megawati 11,000. Baadaye kampuni kubwa ya Kihispania ikajiondoa. Halafu Waaustralia wakatajwa. Mwaka 2025 Benki ya Dunia ilirudi na dola milioni 250 za hatua ya kwanza. Huenda safari hii itafika. Tunaitakia heri.

Lakini tazameni vizuri historia hiyo. Katika miaka hiyo yote, Mto Kongo haukubadilika hata siku moja. Waliobadilika ni waliotia sahihi, ofisi zilizosimamia na masharti yaliyoandikwa. Aliyejenga nyumba anajua kwamba fundi akibadilishiwa ramani mara 4 hudai malipo ya juu au huondoka. Ndivyo ilivyo kwa mwekezaji wa kweli. Anayebaki baada ya mikataba kubadilishwa ovyo mara nyingi ni yule mwenye ujuzi wa kuvua samaki katika maji yaliyochafuka.

Na hata Inga Kubwa ikijengwa kesho, swali la pili linabaki: waya wake utakwenda wapi? Ikiwa wanunuzi wanaoaminika ni nchi jirani na migodi tu, basi waya mpya utapita juu ya vichwa vyetu kama ule wa mwaka 1982, na watoto wetu watasimulia kwa fahari kwamba nchi yao inaangaza Afrika, wakiisimulia fahari hiyo kwa mwanga wa koroboi.

Jibu kwa wanaosema: tumpe mfanyabiashara kila kitu

Wengine wanasema: SNEL imeshindwa, basi tuwaachie wafanyabiashara binafsi, mambo yatajinyoosha yenyewe. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua mlango kwa makampuni mengine kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme. Matunda yake yalionekana upesi huko Goma, mji ulioteswa na vita na volkano. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa Desemba 2015 kikiwa na megawati 13.6, nacho ni cha Virunga Energies. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini humohumo. Vinu, mafundi wa kuchomelea na wauza samaki wa barafu walipata umeme ambao hawakuwahi kuupata kwa miaka mingi. Hakuna mwenye haki atakayelidharau hilo.

Lakini mambo 2 yasisahaulike. Kwanza, Matebe ilijengwa kwa msaada mkubwa wa taasisi ya hisani ya Howard Buffett wa Marekani. Hisani ni njema, ila nchi yenye watu wengi kama yetu haiwezi kuangazwa kwa hisani, na benki ya kawaida haikopeshi kwa sababu ya huruma. Pili, bei ya umeme wa makampuni binafsi iko juu sana kuliko ile ya SNEL. Pengine bei hiyo ni ya haki, kwa maana gharama ni za kweli, usalama ni mdogo na mikopo ni ghali. Pengine imezidi. Mwananchi atajuaje? Hawezi kuvifungua vitabu vya kampuni. Hawezi kuhamia kwa jirani, maana waya unaofika mtaani mwake ni mmoja. Katika soko la nyanya, muuzaji akizidisha bei unavuka njia. Katika soko la umeme hakuna njia ya kuvuka. Kwa hiyo umeme bila mwamuzi, uwe wa Serikali au wa mtu binafsi, ni bwana asiye na wa kumuuliza.

Mwamuzi huyo sheria ya 2014 ilimtaja. Jina lake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Sekta ya Umeme, kwa kifupi ARE. Kazi yake ni kuchunguza bei, kufuatilia vibali na mikataba, kusimamia ubora na kusikiliza malalamiko ya wateja. Sheria hiyohiyo iliunda pia shirika la kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, yaani ANSER. Sasa hesabuni miaka. Sheria: 2014. Maagizo ya kuviunda vyombo hivyo: 2016. Viongozi wa kwanza wa ARE kuteuliwa: 2020. Kwa miaka 6 mlango wa soko ulikuwa wazi na kiti cha mwamuzi kilikuwa kitupu. Mikataba ilitiwa sahihi, bei zikapangwa, wananchi wakalipa, na hakuna aliyekuwa na kipenga mkononi. Timu gani ya vijana ingekubali kucheza nusu ya kwanza bila mwamuzi, kisha aje akute magoli yamekwisha kuingia?

Tena, mwamuzi kufika uwanjani hakutoshi. Ikiwa mshahara wake unategemea ukarimu wa waziri, atapiga kipenga kwa woga. Ikiwa bei anazozichunguza hazitangazwi kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa, uchunguzi wake unabaki siri ya wenye elimu. Ikiwa ofisi yake iko Kinshasa tu, mlalamikaji wa Kasenga au wa Manono atalalamika kwa upepo.

Wanaodhani udhibiti huwafukuza wawekezaji watazame Ziwa Kivu. Ni ziwa moja, lenye gesi moja, linalogawanywa na mpaka. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt kilizinduliwa mwaka 2016 na hutoa megawati 26 kwa gesi hiyo. Upande wetu, gesi ileile haijawaangazia wakaaji wa Goma wala Bukavu. Gesi haijui mpaka. Mkataba ndio unaoujua. Mwekezaji mwema haogopi mwamuzi. Anaogopa uwanja ambao kanuni zake hubadilika katikati ya mchezo.

Jibu kwa wanaosema: umeme ni wa Serikali, basi ni bure

Sasa tugeuke kwetu wenyewe, kwa maana polemiki inayowashambulia wakubwa peke yao ni tamu kusikia na rahisi kuandika. Katika mitaa yetu kuna msemo kwamba kitu cha Serikali hakina mwenyewe. Kwa msemo huo watu hujiunganisha usiku, hulipa fundi wa kando badala ya kulipa bili, hupindisha mita na kujiona wajanja. Hujitetea kwa kusema: wakubwa hawalipi, kwa nini tulipe sisi?

Tunaielewa hasira hiyo. Anayetozwa kila mwezi kwa umeme ambao hakuuona ana haki ya kukasirika. Anayechangishwa pamoja na jirani zake kununua kabini ya mtaa, kisha akaambiwa si mali yao, ana haki ya kuuliza. Lakini haki ya kuuliza haimpi mtu haki ya kuiba. Waya wa wizi hauichukulii kampuni tu. Unamwibia jirani anayelipa, kwa maana ndiye ambaye taa yake inafifia na kabini yake inaungua. Tena waya wa wizi huua, hasa watoto, wakati wa mvua. Na uzembe wa wakubwa huua zaidi. Tarehe 2 Februari 2022, huko Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika na kuanguka sokoni, ambako maji ya mvua yalikuwa yametuama. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokwenda kuuza na kununua. Soko hilo halikupaswa kuwa chini ya waya ule, na waya ule haukupaswa kukatika. Wale waliokufa waliuawa na mambo 2 kwa pamoja: kanuni iliyoandikwa bila kusimamiwa, na matengenezo yasiyofanyika.

Wengine hutuambia kwamba maskini hawezi kulipa, kwa hiyo kudai malipo ni kumwonea. Tunawajibu: maskini analipa tayari, tena kuliko tajiri. Analipa mshumaa, betri za tochi, kuchaji simu kwa jirani mwenye jenereta, na gunia la makala linalopanda bei kila msimu wa mvua. Akijumlisha hayo yote mwisho wa mwezi, ataona kwamba giza ni ghali. Dawa yake ni bei maalumu kwa wanaotumia kidogo, inayopangwa na mwamuzi na kufidiwa waziwazi na wanaotumia sana. Umeme wa bure usiofika haumsaidii. Ni maneno tu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya haki na sadaka ya uongo.

Tunachodai

Tunadai mambo machache, yanayoweza kupimwa.

Serikali ilipe bili zake. Ofisi, kambi na makazi ya wakubwa yawekewe mita, na madeni yake yatangazwe. Hakuna sheria itakayomfundisha raia kulipa ikiwa anayeitunga halipi.

Kila mteja apate mita, na malipo ya kukadiria yakomeshwe. Mita ni mwamuzi mdogo aliye ukutani. Humlinda mteja dhidi ya kampuni, na kampuni dhidi ya mteja.

Mikataba ya umeme, ya Inga na ya kijito cha kijijini, ichapishwe. Anayeificha bei ya kitu ambacho wote watakinunua ana neno moyoni.

ARE ipewe fedha zake zilizowekwa na sheria, ofisi katika majimbo, na uhuru wa kumwambia hapana waziri, kampuni ya Serikali na mwekezaji wa kigeni kwa sauti ileile.

Na katika kila mkataba wa umeme wa mgodi, liandikwe fungu la vijiji na mitaa iliyo chini ya waya huo, pamoja na tarehe na adhabu ya kutotimiza. Bila tarehe, fungu hilo ni salamu tu.

Nanyi vijana msiseme kwamba hayo ni ya wakubwa. Nyinyi ndio mtakaokuwa mafundi, wahasibu, mahakimu na wateja wa umeme huu kwa miaka 50 ijayo. Anayejifunza ufundi wa umeme leo aamue leo kama atakuwa fundi wa mchana au fundi wa usiku. Kikundi cha parokia kichunguze kwanza nyumba yake: je, ukumbi wetu una mita, na bili imelipwa? Parokia inayowasha kipaza sauti kwa waya wa wizi isihubiri juu ya ufisadi. Kisha kikundi kiorodheshe siku ambazo umeme ulikatika katika mtaa wake kwa miezi 3, kiasi kilicholipwa na jibu lililotolewa. Karatasi hiyo, iliyotiwa sahihi na watu 40, ina uzito kuliko manung'uniko ya watu 4,000. Ipelekeni kwa kampuni, kwa mkuu wa komini, kwa mbunge wenu na kwa ARE, na mdai jibu la maandishi.

Mto umekwisha kufanya sehemu yake. Unateremka tangu kabla ya mababu zetu, na hautudai chochote. Sehemu iliyobaki ni ya watu, nayo haimiminwi kwa zege.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayelipa umeme, ni nani asiyelipa, na kila mmoja anatoa sababu gani? Sababu ipi ni ya haki na ipi ni kisingizio?

2. Tukimpata mwekezaji wa kuleta umeme kijijini kwetu, tutamdai masharti gani kabla hajaanza, na yeye ana haki ya kutudai nini?

3. Ni ahadi gani moja kuhusu umeme ambayo kikundi chetu kinaweza kuitimiza kabla ya mwaka kwisha, na ni nani atakayetuuliza kama tumeitimiza?